Nilivyoshangilia pointi Kisangani huku bendera ikishuka

Wakuu, heshima kwenu, wakubwa kwa wadogo.

Kisa hiki nimekaa nacho miaka mingi. Mke wangu anakijua nusu. Leo nakimwaga chote, na pale nilipofanya ujinga nitasema nilifanya ujinga, sitajipamba. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Mimi ni fundi wa mafriji, mzaliwa wa Mwanza. Tenisi naipenda kuliko ninavyoiweza. Nilijifunzia ukubwani, serve yangu ni ya kuombea dua, ila nina forehand ambayo imeshawahi kunyamazisha watu.

Na nina ugonjwa mmoja: nikisafiri kikazi, raketi inaingia kwenye begi kabla ya mswaki.

Ndivyo raketi yangu ilivyofika Kisangani.

Ilikuwa miaka ile ya vita Kongo. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa Kivu Kaskazini, nitamwita Papa Kakule, anauza pale Kisangani chumvi, sabuni, betri na samaki. Chumba chake cha baridi cha kuhifadhia samaki kilikufa kompresa, na fundi aliyekuwapo alikuwa ameshakimbia mji. Shemeji yangu alikuwa anafanya naye biashara kupitia Goma, akanitaja.

Nikapanda ndege ya mizigo. Nimekalia magunia ya chumvi, mkanda hakuna, na pembeni yangu kuna mbuzi amefungwa miguu ananitazama safari nzima.

Najua kuna mtu atauliza kama nilikuwa na akili timamu. Mkuu, nilikuwa na miaka thelathini na moja, na nilijiambia kompresa ni kompresa popote pale.

Mji wenyewe ulinishtua tangu siku ya kwanza.

Mto mkubwa vile, lakini boti za kwenda Kinshasa hazipo, njia imefungwa na vita. Kila kitu kinakuja kwa ndege. Magari yameisha barabarani, watu wanabebwa kwa baiskeli wanazoziita toleka. Unakaa nyuma kwenye kiti cha sponji, jamaa anakanyaga pedali huku anakupa habari za mji mzima kwa Kiswahili, akichoka anahamia Lingala.

Wenye bunduki walikuwa wa aina zaidi ya moja, kila kundi na upande wake wa mji. Siasa za nani alikuwa na nani sitaziingia. Wengine humu mnazijua kuliko mimi na hatutamaliza.

Papa Kakule alinilaza nyumbani kwake Mangobo, mtaa wa mbali na ofisi yoyote ya serikali. Asubuhi na mapema tunakwenda depo yake, iliyokuwa kwenye komini ya Kisangani (komini kwao ni kama kata), mitaa mitatu tu kutoka ofisi ya komini. Pale nilikuwa nawasha jenereta na kushinda na kompresa hadi alasiri. Jenereta lile lilikuwa linaunguruma kiasi kwamba mtu akitaka kuniita lazima aniguse bega.

Kumbukeni hilo la jenereta, maana ndilo lililonifanya niishi pale wiki tatu bila kujua jambo ambalo hata mtoto mchanga wa Kisangani analijua.

Sasa tenisi.

Siku ya nne Papa Kakule akaona raketi. Akacheka, akasema, "Fundi, kumbe weye iko mutu ya tennis! Kuko terrain nyuma ya commune. Njo kwenye Bosenge anachezaka."

Alasiri ile ile akanipeleka.

Wakuu, nilitegemea kukuta pori. Nikakuta uwanja umefagiwa!

Ulikuwa uwanja wa zamani wa Wabelgiji, umetenganishwa na ua wa ofisi ya komini kwa wigo wa maua tu, usawa wa kifua. Chini ni udongo wa kichuguu uliotwangwa, ukamwagiwa maji, ukashindiliwa kwa pipa lililojazwa zege. Mpira unadunda vizuri kuliko viwanja fulani vya hapa kwetu ambavyo sitavitaja.

Neti ilikuwa wavu wa samaki.

Aliyeitunza hiyo sehemu yote ni huyo Tonton, yaani Mjomba, Bosenge. Mtu wa miaka hamsini hivi, muuguzi, kwao ni familia ya wavuvi wa pale kwenye maporomoko ya maji. Neti alifumiwa na dada yake. Raketi yake ilikuwa na nyuzi za nailoni za kuvulia. Anacheza peku. Mabega yake, mjomba, ni ya mtu aliyevuta mitego ya samaki tangu utotoni, na serve yake ilikuwa inakuja na kelele.

Alinifunga 6-1 siku ya kwanza. Siku ya pili 6-2. Akaniambia, "Uko na mukono moja muzuri sana, lakini maguu yako iko bado Tanzania."

Nilimpenda mzee yule papo hapo.

Mipira tulikuwa nayo minne. Minne tu! Imeisha manyoya, imekuwa myeusi kwa udongo, inafanana na kitu chochote isipokuwa mpira wa tenisi. Usiku Bosenge alikuwa anailaza karibu na jiko kwake ili isipoteze nguvu. Sijui kisayansi inakuwaje, lakini ilikuwa inadunda.

Kilichonishtua zaidi ni milio.

Siku ya tatu ya kucheza, ghafla bunduki zikaanza kulia upande wa pili wa mji. Mimi nikalala chini kifudifudi, raketi kule. Nikasikia watu wanacheka. Bosenge alikuwa amesimama palepale kwenye mstari, anadundisha mpira, ananisubiri.

"Ile iko mbali, fundi. Simama tucheze. Ikikuya karibu tutasikia tofauti."

Tukaendelea. Hakuna aliyesimamisha gemu. Kina mama waliokuwa wanauza kwanga, mikate ya muhogo ya kufungwa majani, pembeni hawakugeuza hata shingo.

Basi mimi nikajifunza somo langu, nikaona nimekuwa mwenyeji: huku mpira hausimami kwa jambo lolote. Hilo nililishika kama sala.

Kila siku tulikuwa tunamaliza saa kumi na moja na robo, kwa sababu ya amri ya kutotembea usiku na umbali wa kurudi Mangobo. Kwa hiyo saa kumi na mbili jioni haijawahi kunikuta pale hata mara moja.

Sasa ikaja Jumamosi ya wiki ya tatu.

Kompresa imeshapona, Alhamisi inayofuata nina ndege ya kurudi. Bosenge akatangaza mechi ya kuniaga. Walikuja watu kama ishirini: walimu wasiolipwa mishahara, wauguzi wenzake, kina mama wa kwanga, Papa Kakule na kiti chake.

Na siku hiyo, wakuu, sijui nilikula nini. Nadhani ni ile lituma ya mke wa Papa Kakule, ndizi zilizopondwa zikaiva mpaka basi. Forehand inaingia, serve inaingia, maguu yameshatoka Tanzania. 5-5. Watu wanapiga kelele. Jua linaelekea kuzama, Papa Kakule anatazama saa lakini hataki kuondoka.

Niko mbele 40-30. Tukapigana mipira mirefu, kulia, kushoto, kulia. Bosenge akanirushia mpira wa juu, mfupi, mlaini kabisa. Ukitazama mpira kama ule mate yanakujaa mdomoni.

Hapo hapo ikalia filimbi.

Bosenge akaganda.

Simaanishi alichelewa. Aliganda! Visigino pamoja, raketi chini ubavuni, macho mbele. Na kelele zote uwanjani zikakatika.

Mimi nikaona nini? Nikaona mzee amebanwa na msuli, nikaona nafasi, na lile somo langu la mpira hausimami likaniambia piga. Nikaupiga ule mpira kwa nguvu zote alizonipa Mungu.

Ukampita sikioni, ukadunda ndani ya mstari, ukaruka juu ya wigo wa maua.

Nikanyoosha mikono yote miwili juu. Nikapiga kelele, "Yeees! Imeisha hiyo!"

Nikangoja makofi.

Nikageuka. Watu wote ishirini wamesimama kama miti. Mama wa kwanga amesimama na kwanga mkononi. Jamaa wa toleka kule barabarani amesimama na baiskeli yake katikati ya njia. Papa Kakule amesimama, uso umekuwa wa majivu.

Ndipo nikatazama ng'ambo ya wigo.

Askari watatu walikuwa kwenye mlingoti, wanashusha bendera. Kule Kongo, bendera ikipanda asubuhi au ikishuka jioni, filimbi inalia na kila mtu anasimama pale alipo, hata kama umebeba moto kichwani. Mimi nilikuwa sijui. Na wale askari, katika mji wa vita, wameona kitu cheusi cha mviringo kinaruka wigo kuwaendea.

Walijitupa chini wote watatu. Aliyeshika kamba akaiachia.

Bendera ikaanguka mavumbini.

Mikono yangu bado ilikuwa juu, na sikujua kama niishushe au niiache.

Wakaja mbio, bunduki mbele, wameona kumbe ni mpira na hasira imezidi. Nyuma yao kamanda wao, mtu mnene kidogo, anatembea polepole, mpira wetu uko mkononi mwake.

"Nani alipiga hii kitu?"

Nikafungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo. Lakini nikahisi vidole vya Papa Kakule vimekamata kiwiko changu mpaka kwenye mfupa.

"Funga kinywa, fundi. Funga."

Na Bosenge, kutoka upande wa pili wa neti, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ni miye, commandant. Balle imenikimbia."

Kamanda akamtazama. Akanitazama mimi. Akamtazama tena Bosenge.

"Bon," akasema. "Mumukamate."

Wakampeleka ndani ya jengo la komini. Kisha bendera ikapandishwa upya, filimbi ikalia tena, ikashushwa vizuri. Sote tukasimama. Safari hii na mimi nilisimama, tena wima kuliko wote.

Jioni hiyo Papa Kakule hakunirudisha Mangobo. Alinificha depo, kati ya magunia, akanieleza.

"Bosenge iko infirmier. Njo anashonaka bidonda ya basoda yabo. Batamupiga kidogo, batamuachilia. Weye, na passeport ya inje, batasema uko espion, jasusi. Batu ya vile habarudiake. Yeye alijua ile, njo maana alisema."

Nilimuuliza, "Papa, una uhakika watamwachia?"

Akasema, "Tuombe Mungu."

Wakuu, hapa ndipo penye ujinga wangu, au niseme uoga, tuache kupaka rangi. Niliyakubali maneno yale kwa sababu yalinifaa. Watampiga kidogo. Nililala na sentensi hiyo.

Jumapili jenereta halikuwashwa, kwa hiyo kwa mara ya kwanza nikiwa depo nikasikia filimbi ya asubuhi. Mitaa mitatu tu. Nikasimama kati ya magunia, peke yangu, hakuna anayeniona, visigino pamoja. Nilijisikia kama naomba msamaha vile.

Papa Kakule akaenda misa, akarudi. Habari za Bosenge? Bado yuko ndani.

Jioni filimbi tena. Nikasimama tena.

Jumatatu asubuhi nilishindwa. Nikamwambia Papa Kakule nakwenda, akaniambia mimi ni mjinga, kisha akavaa kofia yake akanifuata kwa nyuma, hatua kumi hivi. Hilo sitamsahau mzee yule.

Tukiwa tunaliona geti la komini, filimbi ikalia. Tukasimama. Mtaa mzima umesimama. Nikaiona bendera inapanda taratibu, mimi nimenyooka, nangoja ifike juu ili niende nikaseme ukweli.

Kamanda nilimkuta anakula samaki. Nikasema kwa pumzi moja kabla sijajuta. "Afande, mpira nilipiga mimi. Yule mzee hana kosa."

Hakuacha kutafuna.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Batu makumi mbili balikuwa pale. Bosenge alikuwa anasimama garde-à-vous, raketi iko chini. Mutu ya garde-à-vous hapigake balle. Weye ulikuwa na mikono juu, unafurahi."

Nikauliza, "Sasa kwa nini umemshika yeye?"

Akafuta vidole. "Drapeau ilianguka chini. Ilinifaa mutu moja ya kulipa. Yeye alisema ni yeye. Mbele ya basoda yangu, nimuite muongo?"

Alisema hivyo bila ukali, kama mtu anayeeleza bei ya nyanya.

Nikamwambia, "Basi nishike mimi, mwachie."

"Amesha maliza. Alikuwa anakula fimbo kumi mu mikono, asubui drapeau ikipanda, mangaribi ikishuka. Ya leo njo ilikuwa ya mwisho." Akanitazama vizuri. "Donc ni weye fundi ya frigo? Yetu imekufa. Basoda banakunywa bière ya moto."

Wakuu.

Adhabu yangu mimi mwenye kosa ilikuwa kutengeneza friji. Waya ulikuwa umekatika tu nyuma. Robo saa kazi imekwisha, wakanipa na asante.

Wakati nafunga skrubu, ndipo hesabu ikaniingia kichwani. Jumamosi jioni. Jumapili asubuhi. Jumapili jioni. Na ile ya leo, nikiwa nje ya geti, hatua mia hazifiki.

Kila filimbi ilipolia mimi nikasimama kwa heshima, mwenzangu alikuwa anapigwa kwa ajili yangu.

Bosenge alitoka na mikono imevimba, imefungwa vitambaa. Hakuweza kushika kiti cha toleka, kwa hiyo tulitembea kwa miguu, watu watatu, hadi kwa dada yake kule kwenye maporomoko. Nilitembea nalia, sioni aibu kusema.

Njiani nikamwambia yote, hadi la kusimama. Nikamwomba msamaha.

Akasema, "Fundi, nitakuambia ukweli. Nilisema ni miye juu nilizani batanipiga mara moja tu. Ningejua ni kila drapeau, ningekuonesha weye na kidole."

Papa Kakule akapasuka kucheka. Bosenge naye akacheka, kisha akakunja uso kwa maumivu. Mimi sikuweza kucheka, na hadi leo siwezi.

Dada yake alimlisha samaki kwa mkono, tonge kwa tonge, na hakuniangalia hata mara moja. Alikuwa na haki.

Alhamisi nikapanda ndege. Raketi yangu niliiacha kwa Bosenge, naye alinijibu kwamba heri ningeacha sindano na dawa. Baadaye shemeji aliniletea habari kwamba vidole viwili vya mkono wa kulia havikunji tena, na kwamba amejifunza kuchoma sindano kwa kushoto. Kisha mji ukaharibika zaidi, habari zikakatika. Sijui kama yu hai.

NYONGEZA: Kuna jamaa amenitumia ujumbe kwamba nisijilaumu, kwa kuwa kamanda alishajua. Mkuu, hicho ndicho kinachoniuma. Kama alijua, basi alikuwa anangoja mwenye kosa ajitokeze au fimbo ziishe, chochote kitakachotangulia. Nami nilikuwa mitaa mitatu tu.

Wengine mtasema somo ni kujua mila za watu kabla ya kutembea nchi zao. Ni kweli, jifunzeni, ulizeni hata mambo ya kijinga. Ila kwangu somo ni jingine. Mtu akikubebea kosa, usilale na sentensi inayokufaa. Nenda uone kwa macho anafanyiwa nini.

Jukwaa ni lenu. Nipondeni, nitavumilia. Lakini kabla hujaandika kwamba wewe ungekwenda Jumamosi ile ile, kaa kwanza dakika moja kati ya magunia ya chumvi, bunduki ziko nje, na mtu mzima unayemheshimu anakwambia watampiga kidogo tu.

Halafu niambie ungetoka saa ngapi.